Upepo wa Munkunyu na Elimu ya Kuruka

Msafiri atokaye mjini Kasese kwenda mpakani Mpondwe huuacha mlima Rwenzori mkono wake wa kulia, akashuka kusini hadi Kikorongo, karibu na mahali ambapo mstari wa Ikweta huikata barabara. Hapo njia hugawanyika. Moja huendelea kusini kuelekea Mfereji wa Kazinga. Nyingine hugeuka magharibi, ikipita kati ya vilima vya Wakonzo na nyika ya Mbuga ya Taifa ya Queen Elizabeth, mpaka Bwera. Katika njia hiyo ya pili, kabla ya kufika Bwera, ndipo ilipo Munkunyu.

Si mahali panaposimamisha watalii. Hao huenda Mweya kutazama viboko, au Katwe kutazama ziwa la chumvi. Malori yaendayo Kongo hupita bila kupunguza mwendo, isipokuwa Kinyamaseke, penye watu, maduka na pikipiki za abiria. Nje ya barabara ni mashamba ya pamba, mahindi na maharagwe, na mto Nyamugasani unaoteremka kutoka mlimani kwenda Ziwa Edward. Watoto wachezao kando ya njia ni akina Baluku na Bwambale, Masika na Biira, majina ambayo kwa Wakonzo hutaja zamu ya kuzaliwa, hata mgeni akiambiwa jina hujua mara moja nani mkubwa na nani mdogo. Jioni jikoni husongwa bundu la muhogo, likaliwa kwa samaki wa ziwani.

Lakini Munkunyu inacho kitu kimoja ambacho msafiri wa basi hakioni, nacho ni upepo wake. Kila siku isiyo na mvua hewa ya mahali hapa husafiri safari mbili. Usiku, miteremko ya mlima ikipoa, hewa baridi huwa nzito, ikashuka mabondeni kama maji kuelekea ziwani. Mchana, jua likiisha kuichoma miteremko, hewa hupata moto, ikawa nyepesi, ikaanza kurudi juu. Kati ya safari hizo mbili hupatikana kitambo kifupi cha utulivu, asubuhi na jioni. Mwanamke apepetaye nafaka uwanjani kwake anazijua nyakati hizo pasipo kutazama saa. Upepo ukiwa haba, makapi humwangukia miguuni; ukizidi, huchukua makapi pamoja na punje.

Wapo na wataalamu wengine wa upepo huo. Korongo wale wakubwa wenye kipara na mfuko shingoni, na tai wala mizoga wa mbugani, hawana haraka ya kuruka alfajiri. Hukaa mitini wamejikunyata kama wazee wanaongoja baraza lianze. Jua likipanda, hewa moto ikaanza kuinuka kutoka mashamba yaliyolimwa na mabati ya nyumba, ndipo hukunjua mabawa yao, wakaingia ndani ya hewa hiyo, wakazunguka bila kupiga bawa, hadi wakawa vitone. Nguvu ya ndege hawa si ya kudharauliwa. Mwaka 1973 tai mmoja wa jamii ya Rüppell aligongana na eropleni juu ya Abidjan, Afrika Magharibi, kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000, yaani mara mbili ya kimo cha Rwenzori yenyewe.

Ni nani aliyewatazama korongo hao akiwa mtoto, jembe mkononi, asitamani kuwafuata? Siku hizi tamaa hiyo ina chombo chake.

CHOMBO KISICHO NA MLANGO

Chombo chenyewe ni mwavuli wenye injini. Askari wanaujua mwavuli wa kijeshi, ule unaomteremsha mtu salama kutoka katika eropleni. Huu ni wa ukoo huo huo, ila kazi yake ni kinyume: humwinua mtu kutoka ardhini. Asili yake ni ubunifu wa Domina Jalbert, fundi wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1960 alishona mwavuli wenye umbo la bawa, uliogawanywa vyumba vyumba. Upepo huingia kwa mbele, ukavijaza vyumba hivyo, na kitambaa kilicholegea kikakakamaa mithili ya bawa la eropleni. Mwaka 1978 Wafaransa wachache, miongoni mwao Jean-Claude Bétemps, walianza kuondokea mlimani karibu na kijiji cha Mieussy kwa kukimbia tu wakiteremka. Mwaka 1980 Mwingereza Mike Byrne alitia injini, na tangu hapo mlima haukuwa lazima tena.

Rubani huibeba injini mgongoni kama askari abebavyo shanta. Ni injini ndogo ya petroli iliyochanganywa na oili, jamaa ya ile ya msumeno wa kukatia miti, nayo huzungusha pangaboi ndani ya kizimba cha mabomba membamba. Pamoja na mikanda na tangi, mzigo huo huwa kati ya kilo 25 na 35. Juu ya kichwa cha rubani hutandazwa bawa la kitambaa lenye mita za mraba ishirini na kitu, likishikwa na kamba nyingi nyembamba. Mikono miwili hushika kamba za breki, mmoja ukivutwa chombo hugeuka upande huo. Na mkono mmoja huwa na kishikio cha kuongezea moto. Hapana usukani, hapana mlango, wala hapana magurudumu, maana magurudumu ni miguu ya rubani mwenyewe. Mwendo wake ni kama kilomita 40 hadi 50 kwa saa, polepole kuliko basi la Kasese.

Sifa yake kubwa ni kwamba injini ikizimika hakianguki kama jiwe. Huteremka taratibu, kikisonga mbele yapata mita sita kwa kila mita moja kinayoshuka. Basi rubani aliye juu mita 300 anabakiwa na kilomita moja na nusu au zaidi kidogo za kutafuta mahali pa kutua. Na ubaya wake mkubwa watokana na sifa hiyo hiyo: chombo chepesi namna hii ni mtumwa wa upepo. Upepo wa kilomita 45 kwa saa ambao dereva wa lori hata hausikii unatosha kumsimamisha rubani huyu angani, au kumrudisha nyuma.

SHULE YA ARDHINI

Mtu wa Munkunyu atakaye kujifunza hana budi kufunga safari. Katika Afrika Mashariki mahali panaposifika kwa miavuli ya kuruka ni Iten, nchini Kenya, mji uleule wa wakimbiaji mashuhuri. Mji huo uko kwenye kimo cha mita 2,400 hivi, ukingoni mwa Bonde la Kerio. Mbele yake ardhi hukatika ghafula, na bonde hulala zaidi ya mita 1,000 chini. Katika miezi ya ukavu, tangu Desemba hadi Machi, marubani kutoka nchi mbalimbali hujitupa kutoka ukingo ule bila injini, wakipandishwa na hewa moto kama tai. Elimu ya bawa ni moja, liwe na injini au lisiwe nayo, na wengi huanza bila injini kwanza.

Na achukuliwe, kwa mfano tu, askari kijana mzaliwa wa Munkunyu, aliyejaliwa likizo ndefu na akiba ya kutosha, naye akaazimia kujifunza. Yatakayompata kijana huyo huwapata wanafunzi wote, wa Ulaya kama wa Afrika.

Siku ya kwanza huja amevaa viatu vizuri, amejiandaa kuona dunia kutoka juu. Badala yake hukabidhiwa fundo la kamba. Saa nzima hupita akizichambua moja moja kwa vidole, kama mvuvi na wavu wake, kwa maana kamba moja iliyopita mahali isipostahili hulipotosha bawa zima. Akimaliza, hulitandaza bawa nyuma yake, akakimbia. Bawa huinuka upande mmoja, likapinduka, likamvuta kisogo, naye akajikuta ameketi majanini huku kitambaa kikimfunika kama shuka. Watoto watazamao pembeni hufurahi kuliko yeye.

Siku ya pili hufundishwa kusimama akiielekea nguo yake, mgongo ukiwa kwenye upepo, alinyanyue bawa akiliona, kisha ageuke na kukimbia. Jambo hili huonekana jepesi mpaka mtu alijaribu. Akiwa amegeuka hivyo, kamba ya mkono wa kulia yatawala upande wa kushoto wa macho yake, na akili hukataa kutii. Akigeukia upande usio wake, kamba husokotana juu ya kichwa chake. Upepo ukiongezeka kidogo, bawa humburuta uwanjani kwa tumbo. Hapo ndipo askari aliyezoea kushindana hukosea zaidi, kwani hukaza mikono na kuvutana nalo, na kadiri avutanavyo ndivyo linavyozidi nguvu. Dawa yake ni kulikimbilia bawa, si kulikimbia. Akilisogelea, kamba hulegea, likaanguka lenyewe.

Wiki ya pili injini huja mgongoni, nayo huleta visa vyake. Kwanza haiwaki. Mwanafunzi huvuta kamba mara ishirini, jasho likamtoka, kisha huambiwa kwamba ameizamisha kwa petroli na hana budi kufungua plagi na kuikausha. Ikiwaka, huanza kukimbia ameinama mbele, kama mtu asukumaye gari lililokwama. Kumbe pangaboi likimsukuma mtu aliyeinama humkandamiza chini, akala vumbi kwa magoti na viganja. Akifundishwa kukimbia wima, hupatwa na kosa la tatu, ambalo ndilo ghali kuliko yote. Akiisikia mikanda ikimwinua kidogo, hufurahi, akakunja miguu akae kitini kabla bawa halijambeba kikamilifu. Huketi kweli, lakini ardhini, na pangaboi likapiga udongo, likavunjika vipande. Pangaboi jipya huagizwa mbali, na posho ya miezi kadhaa hutoweka kwa sekunde moja ya pupa.

Makosa hayo huishia kwa michubuko na kicheko. Yapo mengine yasiyochekesha. Mkono uliosogea karibu na pangaboi linalozunguka haurudi mzima. Ndiyo sababu mafundi husisitiza mtu asiiwashe injini akiwa peke yake na kasi imefunguliwa. Na mikanda ya miguu ikisahauliwa, mwanafunzi huondoka ardhini akining'inia kwa makwapa. Kwa hiyo kabla ya kila mruko hana budi kuigusa kwa mkono, mguu wa kulia na wa kushoto, hata kama aligusa dakika moja iliyopita. Askari wa zamu aikaguaye bunduki yake kila anapokabidhiwa anaielewa desturi hii bila maelezo.

FURAHA YENYEWE

Hatimaye ifika asubuhi ambayo kila kitu hutii. Bawa huinuka moja kwa moja, likasimama juu ya kichwa kama paa. Mwanafunzi huongeza moto, hukimbia hatua kumi, kumi na tano, na hatua inayofuata haipati ardhi. Watu wengi hueleza kwamba miguu yao iliendelea kukimbia hewani. Hakuna pua ya eropleni mbele, hakuna kioo. Kuna viatu vyake mwenyewe tu, na chini yake dunia.

Ikiwa mwanafunzi huyo amekwisha kuhitimu, akarudi kwao, akapata ruhusa zote zitakiwazo, naye akapaa juu ya Munkunyu katika saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza, yapo mengi ya kuona. Kaskazini husimama Rwenzori, na wingu likipenda kufunuka huonekana vilele vyake. Kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, hubeba barafu iliyopungua mno tangu msafara wa Duke wa Abruzzi wa Italia ulipokifikia mwaka 1906. Chini ya vilele ni miteremko iliyolimwa kahawa na migomba hadi mahali ambapo mtu angedhani mbuzi hawezi kusimama. Nyamugasani hujipinda ukichukua udongo wa mlimani kuupeleka ziwani. Kusini ni nyika ya mbuga, yenye njia za tembo zilizonyooka kana kwamba zilipimwa, na mbele yake Ziwa Edward, ambalo nusu yake na zaidi ni la Kongo. Huonekana pia ziwa la Katwe, kando yake vijisehemu vya chumvi vimegawanywa na watu kama viraka vya nguo. Magharibi ni Bwera, mto Lhubiriha, na vilima vya nchi ya jirani ambavyo kutoka juu havina tofauti na vya huku.

Akipunguza moto, husikia mambo asiyoyatarajia: jogoo, kengele ya shule, sauti ya mama akimwita mtoto. Hunusa moshi wa kuni kabla hajauona. Mtu aliyezaliwa mahali hapo, ambaye alivijua vijia vyake kimoja kimoja kwa miguu, huona kwa mara ya kwanza jinsi vinavyounganika. Kwamba shamba la baba yake na la yule jirani waliyegombana naye mpaka ni kama viganja viwili vya mtu mmoja. Furaha hiyo si ya kujigamba. Ni furaha ya kuifahamu nchi yake.

MLIMA, MBUGA NA MPAKA

Lakini furaha hiyo ina muda wake. Kufikia saa nne asubuhi korongo wamekwisha kuanza kupanda, na dalili hiyo ni amri: mwenye bawa la kitambaa na awe ameshatua. Hewa moto impandishayo korongo humrusha mwanafunzi kama kapi, na upande wa pili wa hewa ipandayo daima kuna hewa ishukayo. Bawa likipigwa na hewa hiyo laweza kukunjika upande mmoja. Rubani mzoefu hulifungua kwa mkono mtulivu. Mwanafunzi mwenye hofu huvuta breki zote mbili, akalizidishia ugonjwa. Nyuma ya kilima, upande usiopigwa na upepo, hewa hujiviringa kama maji nyuma ya jiwe la mtoni, na hapo hata mzoefu hathubutu.

La kuogopesha zaidi ni wingu kubwa la mvua, ambalo mlima kama Rwenzori hulijenga kwa muda mfupi. Wingu la namna hiyo hunyonya hewa kutoka chini kwa nguvu isiyoshindika. Februari 2007, huko Australia, Mjerumani Ewa Wiśnierska, bingwa wa mchezo huu, alinyonywa na wingu akiwa na mwavuli usio na injini, akapandishwa hadi mita 9,946, juu kuliko mlima wowote duniani. Alipoteza fahamu, barafu ikamfunika, naye akateremka akiwa hai kwa majaliwa tu. Mchina aliyenyonywa na wingu siku hiyo hiyo alikufa. Wote wawili walikuwa mabingwa. Ubingwa haukulizuia wingu.

Mbuga nayo ina sheria zake. Ilianzishwa mwaka 1952, na wanyama wake hawakuzoea sauti ya msumeno kutoka mawinguni. Tembo walioshtushwa na injini waweza kukimbilia mashamba ya watu, na wakulima wa Munkunyu wanajua vyema hasara ya usiku mmoja wa tembo shambani. Na rubani ambaye injini yake imezimika juu ya nyika asikadirie umbali wa kutua peke yake. Akadirie pia umbali wa kutembea kurudi barabarani, akiwa na kilo 30 mgongoni, katika nchi ya simba na nyati.

Tena upo mpaka, na hapa ndipo msomaji mwenye sare atakapotikisa kichwa. Usiku wa Juni 16, 2023, waasi wa ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Oktoba mwaka huo huo wapiganaji wa Hamas walitumia miavuli yenye injini kuvuka kutoka Gaza kuingia Israeli siku ya mashambulizi yao. Tangu hapo mlinzi wa mpaka wowote duniani akisikia mngurumo mdogo angani hawezi kusema ni mchezo tu. Mtu anayepaa karibu na Bwera bila taarifa huhatarisha nafsi yake, na humtia katika majaribu askari kijana aliye kilimani, ambaye ana dakika chache za kuamua kama ajaye ni jirani au adui.

Kwa sababu hiyo ruhusa si urasimu mtupu. Anga ya Uganda ina msimamizi wake, Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliyoundwa mwaka 1991. Mbuga ina mamlaka yake ya wanyamapori. Wilaya ina wakuu wake wa usalama. Mwenye busara huwaendea wote kwa miguu, kabla ya kuwapitia juu kwa bawa. Hata huko Marekani, ambako sheria haidai leseni kwa chombo hiki, mipaka ya watu haikufutika. George Steinmetz, mpiga picha mashuhuri aliyezunguka Afrika na sehemu nyingine za dunia kwa mwavuli wenye injini, alikamatwa mwaka 2013 katika jimbo la Kansas baada ya kupiga picha za mazizi ya ng'ombe kutoka juu. Mtu huyo alikwisha kuruka juu ya Sahara.

MASWALI YA NYUMBANI

Chombo hiki kipya hakipungui bei ya pikipiki kadhaa mpya. Kwa nyumba yenye karo za shule na paa linalovuja, swali la mke ni la haki: pikipiki huleta fedha jioni, mwavuli utaleta nini? Majibu yapo, ingawa si ya kila mtu. Mwaka 2016 mwanamke mmoja, Sacha Dench, aliwafuata bata maji weupe katika safari yao ya uhamaji kutoka kaskazini mwa Urusi hadi Uingereza, yapata kilomita 7,000, kwa mwavuli wenye injini, nao ulimwengu ukayasikia matatizo ya ndege hao. Kwa picha za Steinmetz wasomaji wengi waliona majangwa na mashamba kama hawakupata kuyaona. Kuhesabu wanyama, kutazama mafuriko, kupima mmomonyoko wa kingo za mto, hizo ni kazi ambazo nchi ya milima ingefaidika nazo, japokuwa siku hizi nyingi zaweza kufanywa na vyombo vidogo visivyo na mtu.

Lakini mwenye nyumba astahili kuambiwa na upande wa pili. Septemba 2021, huko Scotland, Dench huyo huyo aligongana angani na mwenzake aliyekuwa akiruka naye. Mwenzake alifariki, yeye mwenyewe alivunjika vibaya. Hawakuwa wanafunzi. Kwa hiyo anayejifunza, akiwa na mke na watoto, hana haki ya kuificha hesabu hii mezani. Ni heri waizungumze wazi: kofia ngumu, mwavuli wa akiba kifuani, mwalimu wa kweli badala ya kujifundisha kwa kutazama picha, na ahadi kwamba siku yenye shaka ni siku ya kubaki chini.

Ahadi hiyo ndiyo mtihani mkuu wa elimu hii yote. Kuruka, mtu hufundishwa kwa wiki chache. Kutoruka huchukua miaka. Mwanafunzi amesafiri kutoka mbali, amebeba mzigo hadi uwanjani gizani, majirani wamekusanyika, watoto wameketi juu ya ukuta. Kipande cha kitambaa alichokifunga kwenye mti kilikuwa kimetulia. Sasa kinaanza kucheza, kikielekea mlimani mapema kuliko kawaida. Juu ya vilima vya Kyarumba kuna wingu dogo ambalo dakika kumi zilizopita halikuwapo. Hakuna mkubwa wa kumwamuru, hakuna sheria itakayomshika kwa sababu ya wingu. Na aibu ya kukunja kamba mbele ya watu ni nzito kuliko ile injini.

Akiikunja, watoto hunung'unika, wazee huondoka wakisema kijana ameogopa. Hulikunja bawa lake polepole, akalitia kivulini, maana jua kali huozesha kitambaa. Nyumbani mama yake humwekea bundu na kumwuliza, "Mwanangu, leo umefika wapi?"

"Leo sikuruka, mama. Upepo ulikataa."

Mama hutazama uani, ambako ungo wake umeegemezwa ukutani tangu asubuhi na nafaka ingali guniani. Yeye pia hakupepeta leo. Humsogezea mwanawe maji ya kunawa, wakaanza kula. Nje, juu ya paa, korongo wa kwanza amekwisha kupata hewa yake, na saa sita isijafika mvua itakuwa imeanza kupiga mabati.